Wiski ya Ngano kwa Muzee Asiyekula Mahindi

Nilipooa niliambiwa kwamba baba wa mke wangu akionja punje moja tu ya mahindi, ulimi wake utavimba hadi ujaze mdomo, na kabla haujaziba kabisa atatoa laana juu ya nyumba iliyompikia. Niliamini. Mimi, mwenye diploma ya shule ya jioni, niliyejifunza mwili wa binadamu kwa mwanga wa simu ya jirani wa dawati, niliamini bila hata kuuliza ni ulimi wote unaovimba au ncha tu.

Habari hiyo ilikuwa na mashahidi wengi kuliko kesi za mahakamani. Muzee huyo alishuka na watu wake kutoka vilima vya Masisi, wakakaa katika kambi ya wakimbizi ya Mugunga, na huko walikula unga wa mahindi wa msaada asubuhi, jioni, na hata katika ndoto. Siku waliyotoka kambini aliapa kitu mbele ya mchungaji. Jamii nzima ikajua: mahindi basi. Kisha ikaja harusi ya mpwa wake. Ukumbi umejaa, chakula ndiyo kwanza kinafunuliwa, Muzee akasimama, akavaa kofia, akachukua fimbo yake, akatoka bila kuaga hata maharusi. Ikasemwa kwamba alinusa mahindi ndani ya foufou, ugali wetu, akiwa bado upande wa pili wa ukumbi. Tangu siku ile hakukanyaga tena kwa watu wale. Walimpelekea mbuzi wa kuomba msamaha. Mbuzi akarudi kwao, nadhani kwa miguu yake mwenyewe.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kujaribu. Muzee ni mjane na anaishi kwa mwanawe mkubwa, yaani shemeki yangu, na katika nyumba ile hata kuku walilishwa pumba za mchele.

Sasa kwa watu wa kwao, baba hali chakula kwa binti yake mpaka mukwe amfungulie chupa mbele ya jamaa, aseme kwa sauti alicholeta ni nini, kisha anywe wa kwanza. Mimi chupa hiyo sikuwahi kuifungua. Kila nilipojipanga, vita vilijipanga kabla yangu. Muzee alikuwa akija kwetu Ndosho, anakaa nje juu ya ukuta wa mawe ya volkano, anawauliza watoto mambo ya shule, anakataa hata maji, anaondoka. Mke wangu alikuwa akibaki amesimama na glasi mkononi.

Ndipo Muzee akakaribia kutimiza septante, miaka sabini, na akatuma neno yeye mwenyewe: siku hiyo nitakula kwa binti yangu.

Mke wangu aliposikia alikaa chini. Halafu akaniambia, "Baba ya watoto, akisimama kama alivyosimama kwa ile harusi, usinitafute. Nitabeba watoto nimufuate nyuma."

Alicheka. Lakini alicheka kwa mdomo tu, macho hayakushiriki.

Kwa hiyo chupa. Muzee anapenda wiski. Zamani za ng'ombe zake alikuwa akinywa kidogo jioni, kwa ajili ya kifua, na kifua chake hakikuwahi kumlalamikia. Shida ni kwamba wiski ni nafaka. Nafaka gani? Nilimuuliza yule jirani yangu wa dawati wa shule ya jioni, ambaye siku hizi anauza mikate. Alinieleza bila kusita kwamba wiski za kawaida wanatia chochote kilichofagiwa ghalani, ila Wamarekani wana yao inaitwa burbon, na iko aina ya burbon ya ngano. Wanachukua mikate iliyolala, wanaizamisha katika mapipa yaliyochomwa moto ndani, wanaisahau miaka. Hiyo nayo niliiamini. Kwa nini nisiamini? Muzee alilima ngano kule juu Masisi, mahali pa baridi ambapo asubuhi ng'ombe wanatoa moshi puani. Nilijiona tayari nikimrudishia shamba lake ndani ya chupa.

Nilikwenda katika duka la vinywaji karibu na mpaka. Mama mwenye duka alinitazama viatu kwanza, kisha uso.

"Papa, unatafuta ya kunywa ama ya kuonyesha?"

"Ya kuokoa ndoa."

"Basi iko juu kabisa," akasema, akapanda juu ya kiti.

Alishusha mbili. Moja fupi, yenye mabega kama ya mpiga ngumi. Nyingine ndefu, yenye suke la ngano limechorwa kifuani. Moyo wangu ukaenda kwa suke.

"Hii iko ya ngano kweli?"

"Banaita ya ngano."

"Nauliza kama iko ya ngano, mama."

"Papa, mimi nauza, silimi. Najua hii: ile fupi inakupiga pua. Hii inapita kooni kama inakuomba ruhusa."

Niliigeuza juu chini. Niliipeleka mlangoni, nikaiangalia kwenye jua, maana mjini kulikuwa na maneno ya chupa za bandia, spiriti na sukari iliyoungua, mtu anakunywa leo kesho haoni. Nilikwaruza karatasi ya shingoni. Nikaitikisa, nikatazama mapovu yanavyopanda. Nikaigeuza tena.

"Unaibeba kama mutoto," mama akasema. "Bado kumupa jina tu."

Nililipa. Nikaipakata juu ya moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Ndosho, na nawaambia, hakuna shimo hata moja katika barabara ile ambalo dereva wangu alilikosa.

Nyumbani tulifanya usafi wa mahindi. Unga wote ukahamia kwa majirani. Watoto niliwapekua mifuko kutafuta bisi. Nilikwenda hata kwa mama anayechoma mahindi pale kwenye kona yetu, nikamwomba siku ile ahamishe jiko lake.

"Mahindi imekosea muzee wako nini?" akaniuliza.

"Ni mambo ya kiapo."

"Basi aape na moshi yangu," akasema, lakini alihama, mita kama tatu.

Siku ikafika. Sebule yetu ya mbao, ambayo inatosha watu kumi wakivuta pumzi kwa zamu, iliingiza jamaa kama thelathini. Muzee alikaa kwenye kiti kikubwa, kofia magotini, fimbo kati ya miguu. Chupa iliwekwa mbele yake kwenye kitambaa cheupe, na alikuwa akiitazama kwa utulivu wa mtu anayetazama ng'ombe wa kununua.

Hapo shemeki akanigusa bega. Alikuwa amejipa kazi ya protokole, ya kupanga wageni, na tai aliyovaa ilimfika hadi kwenye mkanda. Alikuwa amepiga chupa picha kwa simu.

"Shemeki, hii kitu uliisoma?"

"Ni ya ngano."

"Kuja hapa."

Tulitoka nyuma ya jikoni. Mtandao ulikuwa unazunguka, unazunguka, kama na wenyewe unaogopa kutuambia. Ukurasa ukafunguka nusu. Akasoma kwa sauti ya chini.

"Burbon, ni sheria ya kwao kule: zaidi ya nusu lazima iwe mahindi. Ngano njo inafuata nyuma. Ikikosa mahindi, haiitwi burbon."

Nilimkumbuka yule muuza mikate.

"Na mikate?"

"Mikate gani?"

"Acha."

Ndani, mtu alikuwa akimwambia Muzee kwamba chupa ile imetoka Amerika, na Muzee akajibu kitu, watu wakacheka. Kuiondoa pale mezani sasa ilikuwa sawa na kumnyang'anya.

"Sema ni ya ngano tu," shemeki akaninong'oneza. "Ngano si imo? Haiko uongo. Iko nusu ya uongo."

"Na ulimi ukivimba?"

"Tutasema ni tansiyo, damu imepanda."

Akaniacha na maneno hayo, akaingia ndani, akapiga makofi. Nadhani alitaka kuninunulia muda, ili watu waanze na chakula kabla ya chupa.

"Bandugu! Chakula iko tayari! Wazee mbele, vijana nyuma, tujipange mustari, kila mutu na sahani yake!"

Mpwa mmoja wa kike akampa Muzee sahani tupu. Muzee aliitazama. Akaiweka juu ya mkono wa kiti. Akavaa kofia. Akashika fimbo, na akasimama.

Waliokuwa wameanza kujipanga wakageuka na sahani zao. Nilimwona mke wangu kwenye mlango wa jikoni, mtoto mgongoni, mwiko mkononi. Hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi. Nilinusa hewa kama mbwa: foufou ya mihogo mitupu, sombe ya majani yake, maharagi, mbuzi. Moshi wa yule mama wa kona? Chupa yenyewe ilikuwa bado imefungwa. Je, alikuwa anainusa kupitia kioo?

Sikuwa na mpango. Nilikuwa na magoti tu. Nilipenya kati ya watu, nikapiga magoti mbele yake katikati ya njia ya mlangoni, kwa sababu nilijua akinipita pale, watu wanne wa nyumba yangu watamfuata nyuma yake.

"Papa, kaa. Hapana simama. Leo wewe hauendi kwa sufuria, mimi njo nitakuletea."

Nikachukua ile sahani. Niliwapita wote waliokwisha kujipanga, nikasukuma hata shangazi mmoja mwenye haki ya kutosukumwa, nikapakua mpaka mlima wa foufou ukawa volkano ya Nyiragongo na sombe ikawa inashuka ubavuni. Niliporudi, Muzee alikuwa amekaa. Lakini kofia ilikuwa bado kichwani na fimbo bado mkononi.

"Chupa kwanza," akasema.

Niling'oa kizibo. Harufu ikapanda: sukari iliyoungua kidogo, mbao, na chini yake, sasa nikiwa nimeshajua, mahindi ya kuchoma kabisa, kama ya yule mama wa kona. Nilimimina kidogo katika glasi. Chupa ikagonga glasi, ikalia.

"Sema umeleta nini," shangazi niliyemsukuma akaniamuru.

Mimi ni mtu wa kutia chumvi, na hata hapa mmeshaona. Samaki wa kidole namwita mkono. Kusema neno moja, ngano, na kulipita lingine haraka, ilikuwa kazi ndogo kwangu. Shemeki alikuwa akinikonyeza jicho mpaka nikadhani litadondoka. Lakini nilimwona mke wangu anafunga upya kitenge cha mtoto mgongoni, anakaza kama mtu anayejiandaa kutembea mbali, na nikaona kwamba nyumba ikifunguliwa kwa neno lile, kila Muzee atakapokula kwangu nitakuwa nahesabu nani anajua. Ulimi ulioanza kuvimba ulikuwa wangu.

"Papa," nikasema, "nimeleta wiski ya Amerika. Banaita ya ngano, na ngano imo. Lakini mahindi ndani iko mingi kupita ngano. Nimejua sasa hivi, chupa ikiwa imeshafika mezani."

Mtu mmoja alisema "Yesu" polepole.

"Mahindi?" Muzee akauliza.

"Mahindi, Papa. Zaidi ya nusu."

"Kunywa."

Nilikunywa. Yule mama wa duka alisema kweli, ilipita ikiomba ruhusa, ila mimi sikuwa na ruhusa ya kuitoa. Nikamimina nyingine. Muzee akanyoosha mkono, akaipokea, akanusa, akainywa, na akafunga mdomo. Nilitazama shavu lake. Thelathini tulitazama shavu moja. Lilisogea kushoto, likasogea kulia. Koo likapanda, likashuka.

Akanirudishia glasi.

"Ongeza."

Kisha akavua kofia, akaitundika juu ya fimbo, akanawa mikono katika beseni aliloletewa na mjukuu wake, akamega Nyiragongo upande wa kaskazini. Akala. Ndani ya nyumba yangu. Mke wangu akageuka akaingia jikoni, na tukasikia anasugua sufuria ambayo tangu asubuhi ilikuwa safi.

Watu walipoanza kupumua na kupiga kelele zao za kawaida, nilivuta kigoda karibu na Muzee. Ulimi wake niliuona alipocheka. Ulikuwa ulimi wa kawaida kabisa. Shemeki alikuja naye akachuchumaa, tai yake sakafuni.

"Papa," nikasema, "na kiapo?"

"Kiapo gani?"

"Ya mahindi," shemeki akasema. "Ile ya Mugunga. Na kwa harusi si ulitoka juu ya mahindi?"

Muzee alitutazama mmoja mmoja, akitafuna polepole, kama mtu anayeangalia wanafunzi wawili waliofeli somo rahisi.

"Kwa harusi balinipa sahani tupu, banasema nipange mustari," akasema. "Mimi siku ya kutoka Mugunga niliapa sitapanga tena mustari na sahani mukononi. Mahindi ninakula. Nilizani ni nyinyi njo hamupendi."