Kabla ya Kuukanda Mtoki

Kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Niliamka na mtoki kwenye kinena, mkubwa kama yai la njiwa, na ilikuwa wiki ya mashindano ya ngoma. Kama hujawahi kupata mtoki, mshukuru Mungu. Ni uvimbe unaotokeza pale paja linapokutana na tumbo, na ukitembea unachechemea mpaka watoto wanakucheka. Siku hizi madaktari wanatueleza kwamba hapo pana tezi, na kwamba mwilini mna maji yaitwayo limfu yanayopita kwenye tezi hizo ili yachujwe uchafu. Sisi tulijua tu kwamba panauma.

Nilikuwa binti wa Kisukuma mwenye maringo yake. Kwetu, mavuno yakiisha, vikundi viwili vya ngoma hucheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule atakayevuta watazamaji wengi upande wake. Mimi nilicheza bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, mstari wa mbele. Nilijua kurusha jembe juu na kulidaka bila kulitazama, na wenzangu walinitegemea. Tena nisikufiche, kikundi cha pili kilikuwa na kijana mmoja mpiga ngoma ambaye nilitaka sana anione.

Nikamwendea bibi mzaa mama, aliyejua majani kuliko mtu yeyote pale kijijini.

"Shikamoo, bibi. Nikandie huu mtoki uyeyuke, keshokutwa nicheze."

"Marahaba. Lete mguu."

"Bibi, panapouma ni huku juu."

"Nimesikia. Lete mguu."

Ndivyo alivyofundishwa na mama yake: mtoki haukandwi kabla hujajua ulikotokea. Akaniosha mguu kwa maji ya vuguvugu yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini, akitanua kidole baada ya kidole, mpaka akakuta mwiba umezama karibu na kidole cha mwisho, na pale pameshatunga usaha. Nami sikuwa na habari! Akili yangu yote ilikuwa kwenye jembe.

"Huyu wa juu ni mlinzi," akasema, akiugusa mtoki taratibu. "Anapiga kelele kwa sababu mwizi ameingia huku chini. Sasa unataka nimpige mlinzi?"

Nikacheka huku machozi yananitoka.

Akautoa mwiba, akaninywesha maji mengi, akaniambia nilale nimeinua mguu juu ya kinu. Lakini jioni homa ilipanda, na mstari mwekundu ukaanza kupanda kutoka unyayoni kuelekea gotini. Nikamwomba anichemshie dawa kali zaidi. Bibi alikuwa ameshajifunga kanga.

"Majani yangu yameishia hapa. Twende zahanati."

Mjomba akanipakia kwenye baiskeli. Bibi alimweleza mganga wa zahanati kila alichokifanya, wala hakuona aibu. Nikachomwa sindano, nikapewa vidonge, nikakatazwa kucheza. Nililia, mwanangu, na sikulilia sindano.

Siku ya mashindano nikakalishwa pembeni ya uwanja, mguu juu ya kigoda, niitikie nyimbo tu. Pengo langu lilionekana mapema, na watu wakaanza kutuhama. Ndipo bibi akalichukua jembe langu. Akaingia mstari wa mbele mabega yakitikisika, akalirusha jembe juu kabisa, akageuka kuipungia mkono hadhara, kisha akalidaka! Uwanja mzima ulipiga yowe. Watu walikimbilia upande wetu wakikanyagana, na hata wapiga ngoma wa kikundi cha pili waliziacha ngoma zao waje kutazama. Yule kijana wangu alikuwa wa kwanza kufika, macho yote kwa bibi. Tulishinda, na mimi nilicheka mpaka mtoki ukaniuma upya.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu nawaona vijana pale mtaani Mkuyuni wakinunua chupa za dawa za majani za kusafisha limfu, wanakunywa bila kuuliza. Sikukatazi majani, mimi nimekuzwa nayo. Lakini tezi ikivimba, usiikande wala usiibinye. Tafuta kwanza kidonda, mguuni, mkononi, hata kwenye jino. Kioshe, upumzike, unywe maji. Ukishapona, tembea na ucheze, maana yale maji hayana moyo wake wa kuyasukuma, yanategemea sana uchezeshe viungo. Homa ikikushika, au tezi ikikaa bila kushuka, au ikikua hata kama haiumi, nenda hospitali, na umwambie daktari kila jani ulilokunywa. Na ukimpata mtu wa dawa za majani anayeweza kusema zake zimeishia hapa, huyo mwamini.

Mungu akujalie mwili mwepesi, mwanangu. Akupe mtu wa kukuosha miguu bila kinyaa, na siku utakayoshindwa kusimama, awepo anayekupenda wa kusimama mahali pako, tena acheze vizuri kukushinda.