Kikohozi Nilichokifuta

Miaka ya vita, Rumonge nzima hakuna aliyenishinda kwa kutoa sauti safi kwenye kaseti, na sisemi hivyo kwa majigambo. Haya, kidogo tu. Nilikuwa na kompyuta niliyoletewa na kaka yangu kutoka Bujumbura, na watu waliniletea kaseti zao nyumbani.

Waliokimbilia ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Tanzania, hawakuwa na simu. Walijirekodi kwenye kaseti, wakawapa wafanyabiashara wa mawese waliovuka kwa boti. Kaseti zilifika zimejaa mvumo na mikwaruzo, nami nilizihamishia kwenye kompyuta na kuzisafisha.

Wengi walidhani siri ni spika kubwa. Upuuzi mtupu! Zangu zilikuwa ndogo, ila niliziweka juu ya kitenge kilichokunjwa, usawa wa masikio, kwa sababu meza tupu hutetemeka na kuiharibu sauti. Wakati wa kurekodi sikuruhusu kipimo cha sauti kifike kwenye nyekundu. Jenereta niliipeleka nyuma ya jiko, ikawangurumie kuku.

Asubuhi moja akaja mama muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, kutoka Gatete, na kaseti ya mumewe. Mume alikuwa amevuka akiwa mgonjwa wa kifua.

"Fundi, nataka kujua kama bwana yangu iko muzima," aliniambia. "Kwa redio yangu nasikia upepo tu."

Nilimwambia arudi mchana. Mvumo nikautoa, mikwaruzo nikaitoa. Mume alikohoa kila baada ya maneno mawili matatu, na kikohozi kinachafua rekodi, kwa hiyo nikakifuta chote na kuyaunganisha maneno. Si alikuwa amesema mwenyewe kwamba ni mzima? Niliona jibu limo.

Mama alirudi, akakaa, akafumba macho. Sauti ikatoka kama ya mtu aliyesimama mlangoni: "Mimi niko muzima, musiwe na wasiwasi. Mubaki hapo hapo." Nikangoja sifa zangu.

"Murakoze, fundi," akanishukuru. "Lakini bwana yangu hasemagi hivi. Maneno yote haya, na hapumui? Umetoa nini mule ndani?"

Niliona aibu, na hasira pia, maana hakuna aliyewahi kuniuliza nimetoa nini. Nikaichukua rekodi ya mwanzo, nikaondoa mvumo peke yake, nikamwekea tena.

"Mimi..." Akakohoa. "...niko muzima..." Akakohoa tena, kwa muda mrefu, na kila alipovuta pumzi kifua kilisikika kikikoroma. Sijawahi kutoa sauti safi kuliko ile. Nilitamani kuizima.

Mama akafumbua macho, akakaza kitenge chake kiunoni.

"Boti inavuka siku gani?"

"Kesho. Lakini mama, amesema mubaki."

"Nimemusikia," akasema, akaenda kuanua ndagala alizoanika, kabla hazijakauka, awahi boti.