Tanuri Jeupe la Ufukweni

Siku ile Mama alikuwa anasiriba nyumba. Kila mwaka mvua zikiisha alishuka mtoni na ndoo, akachimba udongo mweupe, akauloweka, akaupaka ukutani kwa viganja mpaka nyumba ikang'aa. Ilionekana kutoka mbali ziwani. Wavuvi waliokuwa wanarudi waliitafuta hiyo kwanza, wakisema, "Ile pale nyumba ya mama Veronika, tumefika." Mama alizisikia sifa hizo akajifanya kiziwi.

Mimi nilikuwa nimekaa kivulini namenya mihogo. Nilikuwa nimeolewa na Simoni miezi michache tu, lakini kila siku nilikuwa kwa Mama.

"Simoni akijua hujui kusiriba atakurudisha," akaniambia.

"Akinirudisha si nitakula kwako?"

"Mjinga huyu!" Akanirushia tonge la udongo, likanipata shavuni. Sikulifuta, nikaliacha likauke nikaendelea kumenya.

Kwetu ni upande wa Msumbiji, lakini ufuko ni huu huu wa Ziwa Nyasa, na lugha yetu ni Kinyasa kama ya watu wa huku. Simoni alikuwa mpishi wa mikate katika duka la Mreno mmoja. Alipoanza kunichumbia alikuja na mkate chini ya shati, umemwunguza tumbo. Mimi nilicheka mpaka nikakubali.

Vita vilitufikia msimu wa mihogo. Mimi na Simoni tulikuwa shambani, ng'ambo ya kijito, tulipoona moshi. Askari wa Mreno walikuwa wanawakusanya watu kuwapeleka kwenye kijiji cha waya, kilichozungushiwa seng'enge na kulindwa, ili wasiwape chakula wapigania uhuru. Tulilala chini kati ya matuta. Nilimwona Mama anapandishwa kwenye boti. Alikuwa na ndoo yake mkononi. Nilitaka kuinuka, Simoni akanilalia mgongoni kwa uzito wake wote.

"Ukiinuka tumekwisha," akasema.

Boti iliondoka. Tulibaki mle shambani mpaka jua lilipogeuka, kisha tukashika njia ya kaskazini.

Upande wa Tanzania walitupokea vizuri, siwezi kusema uongo. Tulipewa jembe, blanketi, na mahali pa kujenga katika kijiji cha ujamaa kilichokuwa kinaanza, kando ya ziwa, kusini mwa Mbaha. Tulipewa pia cheti cha mkimbizi. Mwenye cheti kile hakuruhusiwa kutoka kijijini bila barua ya Katibu wa kijiji. Basi tukawa hivyo: mbele maji yenye boti za Mreno, kusini Mreno mwenyewe, nyuma mlima wa Umatengo ambao niliuona kila asubuhi na sikuruhusiwa kuupanda. Nilikuwa nimekimbia waya nikaingia kwenye zizi. Zizi la watu wema, lakini zizi.

Katibu aliitwa Rajabu, kijana Mwislamu kutoka Singida, aliyeletwa huku na serikali. Ziwa alikuwa hajapata kuliona, na mtumbwi alipanda akiwa amefumba macho. Simoni alipomwambia anataka kuoka mikate auze, Katibu akakunja uso.

"Ndugu Simoni, hapa biashara ya mtu binafsi hakuna."

"Na mkate wa mtu binafsi je, Katibu? Upo?"

Katibu akacheka bila kutaka. Wakapatana: tanuri liandikwe mradi wa kijiji, asubuhi tulime shamba la pamoja kama wenzetu, tukimaliza tuoke, na sehemu ya mikate iende shuleni. Iliyobaki ni yetu kuuza.

Palikuwa na kichuguu kikubwa karibu na maji. Simoni alikichimba kwa siku sita, akakitoboa mdomo mbele na tundu la moshi nyuma. Hakuna tofali linaloshika joto kama udongo wa mchwa. Unawasha kuni ndani mpaka kuta ziwe nyeupe kwa moto, unazoa makaa, unapangusa kwa majani mabichi, unaingiza mikate na kuziba mdomo kwa bati na tope. Unga wa ngano ulitoka Mbamba Bay, kwa mwenye duka mmoja ambaye wazee wake walitoka Kilwa. Hamira haikuwepo, tukatumia povu la pombe ya ulezi. Mwanzoni watu walitucheka, wakauita mkate wa mchwa. Mwezi wa pili walikuwa wanapanga foleni kabla bati halijafunguliwa, na mimi niliyechekwa niliwajibu mmoja mmoja wakati nawapimia.

Nilitaka tupeleke mikate Litembo, kule mlimani, kwenye hospitali. Wagonjwa wengi, jamaa wa wagonjwa wengi. Nilimwomba Katibu barua mara tatu.

"Mama, subiri," akanijibu. "Mkimbizi akipotea mlimani, mimi ndiye nitaulizwa."

Nikamwambia nimepotea tayari. Hakuandika.

Mawazo yangu yote yalikuwa kwa Mama. Palikuwa na mvuvi aitwaye Damasi, aliyekuwa bado anaingia upande ule kwa kificho. Alisema wanawake wa kijiji cha waya hutolewa kuokota kuni wakisimamiwa na askari, na neno linaweza kupita. Wengine walikuwa wanatoroka kwa mitumbwi. Lakini Mama angenijulia wapi? Ufuko mzima una vijiji, na vyote kutoka majini ni nyasi na miti.

Nikapata wazo, nikaliona la akili sana. Nilimwambia Damasi, "Mwambie Mama atafute tanuri jeupe, karibu na maji. Akiona jeupe, ni mimi."

Nikaenda mtoni. Nikachimba udongo, nikauloweka, nikalisiriba tanuri kwa viganja kama yeye, mara tatu, mpaka likang'aa. Simoni aliporudi akashika kiuno.

"Aka! Kumbe unajua kusiriba! Na nyumba yetu je?"

"Nyumba hakuna anayeitafuta," nikamwambia.

Damasi alirudi baada ya wiki mbili akasema neno limefika. Kila kivuli cha wingu ziwani nilikiona mtumbwi. Nilikuwa na mimba, nakaa mlangoni mwa tanuri nikikodolea maji mpaka macho yanauma.

Katibu naye alikuja. Ndege za Mreno zilikuwa zimeanza kupita upande wetu. Alisema tanuri lile laonekana kama shuka lililoanikwa, na angani watadhani ni ghala la wapigania uhuru. Alitaka lipakwe tope jeusi siku hiyo hiyo.

Nilikataa. Nilimwambia maneno mabaya, kwamba yeye mama yake yuko Singida anakula uwele kwa amani. Simoni ndiye aliyeamua. Akasuka majamvi manne ya matete. Ndege ikisikika, tanuri lifunikwe. Ndege ikienda, lifunuliwe. Mimi nilifurahi. Nilipata nilichotaka.

Tulilifunika hivyo mara tano au sita. Tukazoea.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, saa tisa. Mikate ilikuwa ndani. Majamvi yalikuwa yamelowa mvua, nami nilikuwa nimeyaanika uani, mbali na tanuri.

Tukasikia mlio.

Simoni alinishika mkono, akaniteremsha kwenye handaki la kujificha. Nilikuwa na miezi saba.

"Kaa. Usiinuke."

Yeye akatoka.

Nilitakiwa kusema, "Liache." Neno lenyewe ni dogo. Sikulisema. Nilitaka tanuri lifunikwe, na nilitaka libaki jeupe.

Niliinua kichwa. Alikuwa ameshaweka majamvi mawili. La tatu lilikuwa begani.

Ndege ilipita juu yetu, ikaenda.

Kisha ikageuka.

Bomu lilipoanguka, handaki lilinibomokea mpaka kifuani. Sikuweza kusogeza mguu. Vumbi lilijaa kinywani. Nilimwita Simoni, nikamwita tena, na mtoto tumboni alikuwa anapiga teke. Nilikaa hivyo sijui muda gani, nimeshikwa na ardhi. Kitu pekee kilichonifikia kutoka juu kilikuwa harufu ya mkate.

Katibu Rajabu ndiye aliyenifukua, kwa mikono, kucha zake zikatoka damu. Nilimwona usoni nikajua.

Tulimzika Simoni nyuma ya kanisa. Siku hiyo hiyo, kabla sijanawa, nililipaka tope jeusi lile tanuri lililobaki nusu. Nililia kwa hasira, kwa sababu sasa nilikuwa nimempoteza mume na nimemfungia Mama njia. Nikawa naona mtumbwi wake unapita mbele yangu, anatafuta jeupe, haoni, anaendelea.

Binti yangu alizaliwa mzima. Alikuwa na miezi mitatu Mama alipokuja.

Hakuja kwa maji. Alitokea nyuma yangu, akiteremka njia ya mlimani, na kikapu cha mahindi kichwani. Nilidhani ni mchuuzi wa Kimatengo. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akakitua kikapu.

"Nawe unaniita bibi, Veronika?"

Tulilia mpaka mtoto akaogopa. Kisha akanisimulia. Alitoroka na wanawake wengine miezi michache tu baada ya kuchukuliwa, wakapita porini, mbali na ziwa, wakatokea Umatengo. Watu wa Kitura walimpokea, akawa analima nao. Alikaa huko mwaka mzima na zaidi, haruhusiwi kuteremka, kwa kuwa cheti chake kilikuwa cha kule. Alijua niko hai pale tu mtu alipomsimulia habari za mkimbizi aliyeokea mikate kwenye kichuguu.

"Nikasema, huyo ni Simoni, na mke wake yuko naye. Nikabeba mahindi kama mchuuzi, nikateremka bila barua."

Nikamwuliza, "Neno la Damasi hukulipata?"

"Damasi gani?"

Nilihesabu kichwani. Nilipokuwa nachimba udongo mtoni, Mama alikuwa Kitura, mwendo wa siku moja na nusu nyuma ya mgongo wangu. Nilipokuwa nabishana na Katibu, alikuwa Kitura. Tanuri lile halikuwa na mtu wa kulitafuta. Damasi simlaumu, alimwambia mwanamke aliyeokota kuni, na mwanamke yule labda aliitikia kwa kichwa tu kwa woga. Katibu simlaumu kwa barua. Nimejaribu miaka mingi kumpata wa kumlaumu, sijampata mwingine.

Mama alikwenda kulitazama tanuri. Mvua ilikuwa imeosha tope upande mmoja, weupe umetokea. Akapitisha kiganja.

"Umesiriba vizuri," akasema. "Kumbe ulijifunza. Lakini tanuri la nini kulipaka jeupe?"

"Wateja walione," nikamjibu.

Aliishi nami miaka kumi na tisa baada ya hapo, na jibu likabaki hilo.

Jioni ile, nilipokwisha kumwambia ya Simoni, akauliza kaburi la mkwewe liko wapi, na kama nina udongo mweupe umebaki. Kwetu kaburi husiribwa na mzazi, kama yupo. Nilikuwa nao, nusu ndoo, umekauka. Niliuloweka mwenyewe nikampelekea. Akapiga magoti, akakunja mikono ya gauni, akaanza kupaka, huku anamsimulia Simoni habari za mlimani. Mimi nilisimama pembeni na mtoto, nimemshikia ndoo.