Kitufe cha "Kawaida"

Nilimwambia mtu kwamba yuko mzima, wakati pafu lake lilikuwa linasinyaa.

Wala sikutumia mdomo. Nilitumia kidole kimoja, tena kile kidogo cha mkono wa kushoto. Nilibonyeza kitufe chenye taa ya kijani mara moja tu, kisha nikachukua chupa yangu nikanywa maji.

Kaeni vizuri niwasimulie.

Kazi yangu ni kuchapa. Niko hospitali, chumba cha kusomea picha za eksirei. Mgonjwa anapigwa picha chumba cha pili, picha inatokea kwenye skrini ya Daktari, Daktari anasema anachokiona, na mimi niliyekaa ubavuni kwake nachapa. Ripoti inatoka kwenye printa ya mapokezi, inatiwa kwenye bahasha, mgonjwa anaondoka nayo.

Chumba chenyewe ni giza mchana kutwa. Mapazia mazito, taa zimezimwa, kwa sababu picha hazisomeki vizuri kwenye mwanga. Na kibodi ya ofisi ilikuwa imechoka vibaya. Herufi A na E zilikuwa zimefutika kabisa. Nilikuwa napapasa kama mtu anayetafuta swichi nyumba ya ugenini.

Sasa, nina shemeji yangu mmoja, baba mzima wa watoto wawili, ambaye akirudi kazini anavaa hedifoni na kuanza kupigana na watu asiowajua kwenye kompyuta. Alinunua kibodi mpya ya gemu, ile ya zamani akanipa.

"Chukua shemeji, hii inawaka. Hata gizani utaona."

Na kweli iliwaka! Siku niliyoichomeka, chumba kiligeuka ukumbi wa harusi. Nyekundu inakimbia kushoto, bluu inarudi kulia, zambarau sijui inatokea wapi. Daktari akavua miwani.

"Hii nini tena, mwanangu?"

"Kibodi, Daktari."

"Inapiga na muziki?"

Nikahangaika nayo mpaka nikazima rangi zote, nikabakisha mwanga hafifu mweupe nyuma ya herufi. Mpiga picha wetu akaibatiza jina la Disko. Jina likaganda.

Niliipenda, siwafichi. Herufi zilionekana, vitufe viliitikia vidole, na jioni mkono haukuniuma. Nilichapa kila kitu pale, mpaka barua za likizo za wenzangu.

Lakini Disko ilikuwa na kitu kingine. Pembeni kushoto kulikuwa na vitufe vitano vya ziada, vyenye taa ya kijani. Wacheza gemu wanaviwekea mapigo. Shemeji alikuwa akibonyeza kimoja, mtu wake kwenye skrini anarusha ngumi nne mfululizo.

Mimi nikakiwekea kifua.

Picha nyingi za kifua ni nzima. Daktari akiona hakuna tatizo husema neno moja tu: "Kawaida." Hapo mimi nachapa aya nzima, ile ile kila siku: mapafu yote mawili yamejaa hewa vizuri, moyo una ukubwa wa kawaida, mbavu hazina mvunjiko, na kadhalika, mistari saba. Nimeichapa miaka sita.

Sasa nikairekodi kwenye kitufe. Daktari akisema "kawaida", nabonyeza, mistari saba inamwagika kufumba na kufumbua. Tunaenda picha inayofuata.

Foleni ikayeyuka! Tulikuwa tunasoma picha arobaini kwa siku, tukafika tisini. Mkuu wa kitengo, mama mmoja ambaye tabasamu lake huonekana siku za mgeni rasmi tu, alikuja mpaka mlangoni akanipungia mkono.

Nikavimba kichwa. Nyumbani wakichelewa kunipa chumvi nilikuwa nasema, "Jamani, mimi ni mtu wa sekunde mbili."

Wiki mbili zikapita hivyo.

Jumanne moja, saa saba mchana, Daktari ameitwa kwenye kikao jengo la utawala, mimi niko peke yangu nasafisha miwani yangu. Mpiga picha akaingia bila kubisha. Huyu kijana wa watu ni mcheshi, hawezi kupita bila utani. Siku hiyo hakutania.

"Dada, nani ameandika huyu kawaida?"

Akafungua picha kwenye skrini. Kifua cha mwanamume. Fundi rangi, alianguka kutoka kwenye ngazi asubuhi, akaja akishika ubavu.

"Mimi si daktari," akasema, "lakini hii nimeshaiona mara nyingi. Tazama hapa juu."

Akaweka ncha ya kalamu karibu na bega. Kulikuwa na mstari mwembamba kama uzi. Ndani ya mstari, pafu. Nje ya mstari, weusi mtupu.

"Hewa imevuja," akasema. "Iko kati ya pafu na ukuta wa kifua. Ikiendelea kuvuja inalibana pafu mpaka linajikunja. Huyu hatakiwi hata kubeba ndoo."

"Yuko wapi?"

"Ameondoka na bahasha yake saa tano. Daktari wa zamu ameona ripoti imeandikwa kawaida, akampa dawa ya maumivu, akamruhusu."

Nikakitazama kile kitufe cha kijani.

Kwa sababu nilijikumbuka. Zile siku Daktari alikuwa anaanza kusema "ka..." na kidole changu kiko hewani tayari. Wakati mwingine husema "kawaida, isipokuwa" kisha ndipo anataja tatizo. Je, kwa huyu fundi nilibonyeza kabla hajafika kwenye "isipokuwa"? Nilijaribu kuisikia sauti yake tena kichwani. Picha tisini kwa siku! Ningeikumbuka vipi moja?

Nikapiga simu ya Daktari. Imezimwa, yuko kikaoni.

Nikakimbia mapokezi. Dada wa pale ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Akapiga namba iliyoandikwa kwenye fomu ya fundi, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikakata. Akanitazama, akashusha sauti.

"Sikiliza. Ripoti si bado iko kwenye kompyuta? Irekebishe. Andika hewa imevuja. Akirudi amezidiwa, utasema tuliandika vizuri, yeye ndiye amepoteza karatasi."

Nitasema ukweli wangu hapa. Nilirudi kwenye kiti. Nilifungua ile ripoti. Nina watoto watatu na mama mzazi wanaonitegemea, na nilijiona nje ya geti na kiboksi cha vitu vyangu. Niliweka vidole juu ya Disko, nikachapa neno "hewa".

Halafu nikawaza kwamba wakati mimi narekebisha karatasi, hewa yenyewe inaendelea kuvuja. Nikafuta lile neno, nikaacha ripoti ilivyo, nikamwambia mpiga picha ampe taarifa daktari wa zamu aandae kitanda.

Fomu ilionyesha mahali pa kazi: jengo jipya nyuma ya kituo cha mafuta. Nikatoka mbio na sare yangu, nikasimamisha pikipiki.

"Wapi, mama?"

"Kituo cha mafuta. Na usinitazame, tazama barabara!"

Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Dereva akadhani nasali. Labda nilikuwa nasali.

Jengo lilikuwa ghorofa tatu, halina milango wala madirisha, linanuka rangi. Chini alisimama msimamizi, kofia ya plastiki kichwani, simu mbili mkononi zote kimya.

"Fundi rangi aliyeanguka yuko wapi?"

"Yuko juu anamalizia ukuta. Kwani wewe nani?"

"Natoka hospitali. Mshushe, yuko hatarini!"

Yule bwana akaniangalia juu mpaka chini, kisha akachomoa bahasha mfuko wa nyuma.

"Hatari gani tena? Mwenyewe alitaka kwenda nyumbani, mimi nikamwambia tusome karatasi kwanza. Hii hapa, imechapwa kabisa." Akaikunjua, akanisomea kwa sauti, neno kwa neno: "Mapafu yote mawili yamejaa hewa vizuri. Moyo una ukubwa wa kawaida. Mbavu hazina mvunjiko."

Jamani. Maneno yangu mwenyewe, yakisomwa na mtu mwingine, pale kwenye vumbi la saruji. Sijawahi kuyachukia maneno kama nilivyoyachukia yale.

"Karatasi imekosea," nikasema.

"Karatasi ya hospitali?"

"Niliichapa mimi! Imekosea!"

Sikungoja ajibu. Nikapanda ngazi za saruji, ghorofa ya kwanza, ya pili. Nikamkuta kwenye kona, amekaa juu ya debe la rangi, brashi iko chini. Mtu wa makamo, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Midomo imebadilika rangi.

"Kaka, unaumwa?"

"Nime... choka tu. Hospitali... wamesema..."

Hakuweza kumaliza sentensi. Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, kama mtoto aliyelia sana. Na bado alijaribu kunitabasamia, mgeni wake.

Nikapiga kelele ambazo sikujua ninazo. Mafundi watatu wakaja mbio, wakambeba wakiwa wamemkalisha wima kama nilivyozoea kumsikia mpiga picha akiagiza kwa wagonjwa wa kifua, mmoja huku mmoja kule, mpaka kwenye gari la kubebea mchanga. Msimamizi ndiye aliyeendesha. Njia nzima bahasha ile ilikuwa juu ya dashibodi inatutazama.

Daktari wa zamu alikuwa mlangoni. Wakamwingiza moja kwa moja, wakamtoboa ubavuni, wakaweka mrija. Mimi nilikuwa ukutani nje, nimechuchumaa. Baada ya kama robo saa akatoka muuguzi.

"Anapumua. Anauliza kama yule dada mwenye kelele ameondoka."

Nikalia pale pale mbele za watu. Sikujali.

Asubuhi yake nikaitwa kwa Mkuu wa kitengo. Daktari alikuwepo, mpiga picha alikuwepo, na Disko ilikuwa mezani, imechomolewa waya, kama mtuhumiwa.

Sikusubiri kuulizwa.

"Kosa ni langu. Nilibonyeza kabla Daktari hajamaliza kusema. Niko tayari kwa lolote."

Mkuu akatingisha kichwa. "Nilijua. Midoli ya watoto tumeileta kazini. Kuanzia leo hiki kitu nisikione, na wewe utaandika barua ya kujieleza kabla..."

"Asiandike," Daktari akasema.

Tukageuka. Mzee wa watu alikuwa ameinamisha kichwa. Usiku ule nadhani hakulala.

"Hakunikatiza. Hakukuwa na 'isipokuwa'. Nilisema kawaida, nikanyamaza. Alichapa nilichosema."



"Sasa Daktari, na wewe uliona kawaida?" Mkuu akauliza.

"Mwanzoni niliona kawaida. Ule mstari si wa kuonwa mara ya kwanza." Akanigeukia mimi. "Mwanangu, zamani nikisema kawaida, ulikuwa unachukua muda gani kuchapa ile aya?"

"Kama dakika tatu."

"Na mimi dakika hizo nilikuwa nafanya nini?"

Nilitaka kujibu "unanisubiri". Miaka sita nilijua ananisubiri, na nilikuwa naona aibu kwa kumchelewesha. Kisha nikamwona kwenye kumbukumbu: kidevu mkononi, macho kwenye skrini, hajaondoka kwenye picha.

"Ulikuwa unaendelea kuitazama," nikasema.

"Ndiyo. Sikujua mwenyewe kwamba hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa. Nasema kawaida, wewe unachapa, mimi natazama tena. Nusu ya vitu nilivyowahi kugundua, nilivigundua wewe ukiwa mstari wa nne au wa tano. Wiki mbili hizi nikisema kawaida, picha inaondoka."

Mkuu, ambaye wiki iliyopita alinipungia mkono kwa ajili ya picha tisini, alianza kupanga kalamu zake.

Tulizisoma upya "kawaida" zote za wiki zile mbili. Zilituchukua siku nne. Tukapata wengine watatu wa kuitwa warudi. Wote walirudi, wote wako hai. Nilizipiga simu zile mimi mwenyewe, na kila mmoja nilimwomba radhi kwa mdomo wangu.

Disko sikuitupa. Bado ninaichapia kila siku, herufi zake zinawaka na mkono hauniumi. Ila vile vitufe vitano vya kijani nilivifuta kumbukumbu vyote. Mistari saba naichapa kwa vidole vyangu, herufi moja moja. Tumerudi picha arobaini na kitu kwa siku. Watu kwenye benchi wanalalamika, wengine wananiita konokono nikipita. Waniite.

Ndugu zangu mnaopenda njia za mkato kazini, na mimi ni mwenzenu: kabla hujaifuta dakika inayoonekana imekaa bure, uliza kwanza kuna nani anaitumia.

Juzi Daktari alisema "kawaida" kwa picha ya binti mmoja wa shule. Nikaanza. Nilipofika kwenye mbavu, nikasikia kiti chake kimesogea mbele.

"Ngoja," akasema.

Nikaondoa mikono, nikangoja.