Dari ya Bi Ovelia

Jirani yangu Bi Ovelia Robicheaux alikuwa mwanamke wa kupiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo. Alimenya kamba wa baharini kiwandani mpaka vidole vikapinda, na kwa vidole hivyo yeye na marehemu mumewe Clovis walimaliza mkopo wa nyumba. Mkopo ulipokwisha wakaacha bima ya mafuriko, maana ni benki iliyokuwa ikiwalazimisha. Wengi wetu huku kusini mwa Louisiana tulifanya vivyo hivyo. Walibaki na bima ya nyumba tu. Hiyo hulipa upepo, na mvua inayoingia upepo ukishatoboa paa. Maji yanayopanda kutoka mtoni hailipi.

Kimbunga kilipokuja aligoma kuhama. Alfajiri upepo ulifumua paa, mvua ikamwagika, dari ya chumba chake ikaangukia kitanda. Mto ulifurika baadaye, mchana, ukamfika magotini. Shemasi Alcide alimtoa kwa mashua.

Huku kwetu nyumba ikilowa, watu wa kanisa hawangoji kuitwa kuja kubomoa kilicholowa. Jumamosi walifika na makoleo, nyundo, na sufuria ya maharage mekundu. Nami nilikuwa uani kwangu nikianika magodoro ya wanangu.

“Mngemngoja mtu wa bima aone kwanza,” Bi Ovelia alisema.

“Anakuja lini?” Alcide akauliza.

“Hakusema.”

“Basi ukungu hautamngoja, Bi Ovelia. Wiki moja tu, utaamka uyoga umekuota masikioni.”

Alicheka. Angewarudishaje watu waliokuja na chakula? Hadi jioni nyumba ilibaki mbao tupu, na dari, kuta na kitanda vilikuwa lundo kando ya barabara. Jumatatu lori la taka likazoa. Hakuna aliyepiga picha.

Mkaguzi wa bima alipokuja nilikuwa nimempelekea Bi Ovelia kahawa. Kijana mpole, akazunguka, akaangalia juu.

“Mama, dari iko wapi?”

“Wameitupa.”

“Nani?”

“Watu wa kanisa. Ilianguka kwa mvua, mwanangu, mto ulikuwa haujafika hata barazani.”

“Nakuamini, mama. Lakini wakubwa zangu wanataka kuona. Ninachokiona hapa ni paa lenye tundu na matope sakafuni.”

Walilipa paa peke yake. Gari la Clovis, lililozama uani, lililipwa lote, kwa kuwa bima yake kubwa ya gari haiulizi maji yametoka juu au chini. Bi Ovelia hajui kuendesha.

Alinishika mkono pale jikoni pasipo na kuta. “Alcide asijue,” akasema. “Ataacha kwenda kwa wengine.”

Binti yake Nadine alikuja kutoka Dallas kumchukua. Alcide ndiye aliyebeba masanduku, huku akinung'unika.

“Tumekusafishia vizuri hivi, halafu unatukimbia? Bima si imelipa?”

“Imelipa. Ila Nadine ana upweke.”

“Nadine ana watoto wanne.”

“Ndio wanaomchosha.”

Alcide akatikisa kichwa, akamfungia mlango wa gari. Bi Ovelia akashusha kioo.

“Mlisafisha vizuri, Alcide,” akamwambia. “Hamkuacha hata msumari.”

Shemasi akatabasamu kwa fahari. Mimi niliinama, nikajifanya nafunga kiatu cha mwanangu.