Fatiha ya Askari wa Bati

Jamani, nacheka sasa, lakini siku ile nilitamani zulia linimeze, na yote kwa sababu ya "eeh" moja niliyoitoa bila kusikia nilichoulizwa.

Mnaujua ugonjwa wangu: picha za kale za askari, zile zilizopigwa juu ya kipande cha bati, nazisaka Jumapili kule car boot, watu wanakouzia vitu vyao nyuma ya magari. (Mke wangu anasema nyumba yetu ya huku ughaibuni, Saltley, imekuwa kambi.) Nikizitazama napotea kabisa, najiuliza kijana huyu alipiga picha amwachie nani, nani alimngoja, na huku chai inapoa mkononi. Nimpendaye zaidi bati lake limeingia weusi kwa uzee mpaka sura imekuwa maji ya kunde kama yetu, na ndiye niliyemwacha ukutani siku walipokuja kumposa binti yangu Zuwena, ingawa mama yake alisema niwatoe wote. Nikasema mmoja tu, ana ubaya gani?

Basi wageni wamejaa sebuleni, udi unafuka, mvua inateleza dirishani, nami macho yako kwa askari wangu, nimeshaondoka zamani. Kumbe bibi yake yule kijana anayeposa ananiuliza, "Huyu ndo marehemu baba'ko?"

"Eeh."

"Mashallah, pua ileile!"

Kabla sijazinduka, mjomba wao ameshainua mikono: "Tumsomeeni fatiha." Ningesema nini tena? Nikainua yangu. Chumba kizima kinamwombea rehema Mzungu nisiyemjua hata jina, nami, niwaambie kweli, machozi yakanitoka, maana baba yangu hakuwahi kupiga picha, na sura yake imeanza kunipotea. Wakaona machozi, wakasoma tena!

Ndipo Zuwena akaingia na sinia la vileja. "Baba, mbona mnamuombea yule wa car boot?"

Mjomba akashusha mikono polepole, "Astaghfirullah." Nikaiona posa ya mwanangu inavaa viatu. Nikaeleza yote, bati, askari, baba asiye na picha, nikibabaika kama mtoto aliyevunja sahani.

Bibi akanitazama sana. "Baba'ko akiitwa nani?"

"Hamadi."

"Haya, inueni mikono," akawaambia wenzake. "Tuanze upya, na sasa tumsomee mwenyewe."

Posa ilipita. Askari amehamia chumbani, na nimeapa mbele ya wakwe sitoi "eeh" mpaka nirudiwe swali. Ule msumari wa sebuleni sijautundikia kitu, na mgeni akiuliza, namwambia hapo ni mahali pa baba.