Redio Ilikata Kicheko cha Mtani Wangu

Admin, jina langu lifiche, maana sauti yangu tayari inajulikana Handeni nzima na nusu ya Korogwe. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, Mzigua wa Kang'ata, nalima mahindi na machungwa. Shule niliacha darasa la nne, walimu walikuwa wananichelewesha. Kwa kusimulia sijaona wa kunifikia. Nimeshaua chatu kwa mkanda wa suruali, na aliyebisha nilimwonyesha mkanda. Watoto wa ukoo wote, na wasio wa ukoo, wananiita Mjomba.

Mwaka huu alikuja dada mmoja wa redio kutoka Dar, anatengeneza vipindi vifupi vya maisha ya watu wa kawaida. Kila kijiji alichouliza nani anajua kuongea, wakamwelekeza kwangu. Siku aliyokuja kurekodi nilikuwa na mtani wangu, Msambaa wa Bungu aliyehamia Old Korogwe zamani, ana kama miaka sabini. Nitamwita Mzee Hoza, si jina lake. Mnaojua utani wa Wazigua na Wasambaa mnaelewa. Yeye ni mkubwa kwangu lakini shikamoo simpi, namwambia, "Mtumwa wangu, hujafa tu?" Naye anajibu, "Nife nani akuzike, mchoyo wewe?" Kaka yangu alipofariki, huyu mzee aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Msiba ulikuwa mzito lakini tulicheka, tukampa jogoo, akatoka, ndipo tukazika. Ndiyo kazi ya mtani.

Basi dada akawasha mashine yake ya kurekodia, nami nikaanza mbwembwe zangu. Nikamwonyesha Mzee Hoza kwa kidole, nikasema, "Huyu ndiye aliyemmaliza kaka yangu. Nimemwona kwa macho yangu amepanda fisi, anatoka Bungu mpaka Kang'ata, taa mkononi." Mzee naye hakukubali kushindwa. Akaisogelea mashine akasema, "Kaka yake nilimla mimi, kwa chumvi na ndimu. Huyu nimemwacha kwa sababu ni mifupa mitupu." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Dada alicheka pia, nikajua ameelewa.

Kipindi kilipotoka kilikuwa kifupi, dakika chache tu. Kicheko chote kimekatwa. Jogoo hayupo, neno utani halipo. Niko mimi nasema nimemwona, halafu sauti ya mzee, taratibu, "Kaka yake nilimla mimi," halafu ngoma ya huzuni. Sitawaficha, siku za mwanzo nilifurahi. Mnadani watu walikuwa wananisogelea, "Mjomba, tumekusikia!" Nikaongeza chumvi, nikasema fisi walikuwa wawili.

Nilipokwenda Korogwe kumtembelea Mzee Hoza, kijana wa bodaboda alikataa kunifikisha. "Kule kwa mzee hatufiki siku hizi." Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama, akatoa simu, akanichezea sauti yangu mwenyewe. "Si wewe uliyesema?" Kile kipande kimekatwa tena, kimebaki yale maneno matupu, na simu zote zinacho.

Nilikwenda kwa miguu. Nikamkuta peke yake barazani na mikungu ya ndizi imeiva mpaka inanuka, hakuna anayenunua. Mtoto wa jirani alifariki kwa homa, na mzee alipokwenda kuzika alizuiwa njiani. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Ukutani kuna mabua makavu ya mahindi yamepangwa vizuri, kama mtu anapanga kuni, bado kiberiti tu. "Nayaondoa asubuhi," akasema, "jioni yamerudi. Sijawahi kumwona anayeleta." Nikamwambia twende Kang'ata. Akakataa, "Nikihama nitakuwa nimekiri."

Nilimpigia yule dada wa redio. Alilia, akasema atakirudia kipindi na kicheko chake, ila wakubwa wake kwanza wakubali. Bado nasubiri. Mwenyekiti wa mtaa wa kule aliniambia, "Mzee wangu, watu wamechukia, kaa mbali."

Sasa juzi wamenijia nyumbani wanaume wanne kutoka kule, wamevaa vizuri, wana adabu, wamenipa shikamoo. Wanasema Jumamosi kuna kikao cha kumhukumu mzee kwa uchawi. "Mjomba, wewe ndiye shahidi. Tunaomba uje useme vile vile ulivyosema redioni, basi." Nikawaeleza ule ni utani, hata chatu sikumuua kwa mkanda, nilimkuta amekufa. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Wakatazamana. Mmoja akanishika bega, "Pole, Mjomba. Ameshakutisha." Wakaaga kwa heshima, mmoja akageuka mlangoni, "Usipokuja tutacheza ile sauti."

Mpwa wangu ananiambia nisiende, nikimtetea watasema nami ninaye fisi wangu, si nimesema walikuwa wawili? Mke wangu anasema twende polisi leo hii, nami naogopa watauliza kwanza ile sauti ni ya nani. Nikikaa kimya sauti yangu itakwenda kikaoni bila mimi.

Leo asubuhi nimempigia mzee. Nikaanza kama kawaida, "Mtumwa wangu, hujafa tu?" Hakunirudishia. Aliniita kwa jina langu, lile alilonipa baba. Tangu tujuane hajawahi kuniita hivyo. Akasema mabua yamefika dirishani.

Jumamosi ni keshokutwa. Wenye akili na mnaoijua sheria, nishaurini haraka, nifanye nini?